Mama halali kwa joto: nataka kuweka AC nyumba ya 1954, Milimani Kisumu

KifunguaMimba_Ksm

Wadau, hamjambo. Nahitaji akili zenu kabla sijatoa pesa mfukoni.

Mama ana miaka 76. Anaishi na msaidizi wa nyumbani katika nyumba ya familia hapa Milimani. Ni zile nyumba za kizamani: kuta nene za mawe, mabati yaliyoshika kutu, dari iko juu futi kumi na mbili, na juu ya kila dirisha kuna matundu ya hewa yasiyo na kifuniko. Kwenye ngazi ya mbele aliyeijenga alichora 1954 simiti ikiwa bado mbichi. Marehemu baba aliinunua miaka ya sabini na hakubadilisha chochote isipokuwa rangi.

Tangu Januari joto limemshinda. Chumba chake kiko magharibi, kule kunakotazama ziwa, na jua la jioni linaukanda ule ukuta mpaka linapozama. Saa nne usiku ukiuwekea mkono ukuta bado una moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Feni ya mezani inampulizia hewa ileile ya moto. Anaamka saa nane, anaenda kukaa barazani na leso yake mpaka alfajiri, na mbu wa Kisumu mnawajua.

Ndugu yangu aliye ng'ambo ametuma 120,000 na maagizo ya maneno matatu: mwekee mama AC. Rahisi kwake. Fundi wa kwanza alikuja juzi, akasimama mlangoni, hata futi ya kupimia hakutoa, akasema, "Weka BTU 18,000, nitachomeka kwa hii soketi ya friji." (BTU ni kipimo cha nguvu ya AC ya kupoza.) Nilimshukuru nikamlipia boda.

Sasa nauliza: ukubwa gani, nani afanye, na je, nyumba yenyewe itastahimili?

BaridiYaMenengai

Sisi wa Nakuru tunasoma hapa tumevaa sweta. Tuletee huo ukuta tuuegemee.

FundiBaridi

Dada, ulifanya vizuri kumlipia boda. Chumba kina upana na urefu gani? Usiniambie "kikubwa". Pima.

KifunguaMimba_Ksm

Mita 4 kwa 4.5. Kwenda juu 3.6. Madirisha mawili, moja linatazama magharibi.

FundiBaridi

Haya, hiyo ni mita za mraba 18. Sisi mafundi huanzia BTU 600 kwa kila mita ya mraba, tunapata 10,800. Hiyo hesabu ni ya dari ya kawaida, ya mita mbili na nusu hivi. Yako iko juu zaidi na ukuta wa magharibi unaota jua, kwa hiyo tunapanda mpaka 12,000. Hapo inatosha, bora ufanye kazi ya paa nitakayokwambia.

18,000 ni kosa ambalo watu hulifanya wakidhani wanajipendelea. Mashine kubwa kwenye chumba kidogo inapoza hewa haraka, inazima, baada ya dakika chache inawaka tena. Hewa inakuwa baridi lakini maji yaliyomo ndani yake hayajapata muda wa kutoka. Kisumu tuna ziwa, hewa yetu ni nzito. Mama atakuwa analala kwenye shuka zenye unyevu kama za kwenye kamba ambazo hazijakauka. Mashine ya saizi yake inakwenda polepole kwa muda mrefu na kukamua huo unyevu. Na chukua ya inveta, ambayo kompresa yake, ile pampu inayosukuma gesi, hupunguza mwendo badala ya kuwaka na kuzima.

Kuhusu gesi ya kupozea iliyo ndani ya AC: mashine mpya nyingi ni R32, chache R410A. Mtu akikuletea ya R22 kwa bei ya kutupa, mwache nayo. Hiyo inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa duniani chini ya mkataba wa Montreal wa 1987. Ukitaka kuijaza tena miaka michache ijayo, utatafuta gesi kama unatafuta mafuta ya taa.

TaniMojaNusu

Fundi anawatisha watu bure. Mimi niko Migosi, nina 18,000 kwenye chumba kidogo kuliko hicho na nalala kama mtoto. Kubwa ni kubwa tu.

FundiBaridi

Omera, kuta zako za chumbani hazijaanza kutoa madoa meusi kwenye kona?

TaniMojaNusu

Hayo ni mambo ya rangi mbaya.

StimaSafi

Naona mnabishana kuhusu mashine na hakuna aliyeuliza nyaya. Nyumba ya 1954 jameni!

Dada, nenda kwenye boksi ya fyuzi. USIGUSE kitu, zima swichi kuu kwanza. Ukiona vile vishikilio vya kauri vyeupe vyenye kipande cha waya mwembamba, hiyo ni boksi ya enzi za ukoloni. Halafu tafuta swichi moja ya taa ya zamani, mtu mwenye ujuzi aifungue aangalie nyaya ndani. Zamani walitumia nyaya zilizofunikwa mpira na kitambaa. Ule mpira ukishazeeka hukauka, na ukiukunja unapukutika kama majani makavu ya mwarobaini. Ukitandika mzigo wa AC usiku kucha kwenye waya kama huo, moto unaanzia ndani ya ukuta na hakuna anayeuona.

KifunguaMimba_Ksm

Nimeita jirani aliyekuwa fundi umeme wa reli, mzee mstaafu. Amezima, amefungua swichi ya korido. Aligusa waya kwa kidole tu, mpira ukamwagika kwenye sakafu kama chenga za mkate wa jana. Mama akachukua ufagio akauliza, "Hiyo ndiyo imekuwa ikituwashia taa?"

Vishikilio vya kauri viko sita. Kimoja kimefungwa kwa waya mnene wa kufungia ua. Sijui ni nani alifanya hivyo, pengine baba mwenyewe, Mungu amrehemu.

StimaSafi

Huyo waya wa ua ndiyo hadithi yenyewe. Fyuzi ilikuwa ikikatika kwa sababu mzigo umezidi, mtu akachoka kuibadilisha, akaweka kitu kisichokatika. Kuanzia siku hiyo kitakachokatika ni waya wa ukutani.

Sikiliza, si lazima ubadilishe nyumba nzima leo ingawa siku moja itabidi. Cha lazima ni hiki: boksi mpya ya breka, RCD inayokata stima ikivuja, fimbo ya erthi iliyopigwa ardhini na kupimwa, na laini ya AC iliyo peke yake kutoka kwenye boksi mpaka chumbani. Waya wa milimita za mraba 4, breka ya ampea 20. Hakuna kingine kuchomekwa kwenye hiyo laini, hata chaja ya simu. Fundi awe na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kusimamia nishati, mwambie akuonyeshe kabla hajashika bisibisi.

Na weka kinga ya volteji. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240, lakini kwenye mitaa mingi jioni ukipima unakuta umeshuka, halafu stima ikipotea na kurudi inarudi kwa kishindo. Zaidi ya hapo ni radi. Ukanda huu wa ziwa ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na bodi ya inveta haipendi radi. Kinga nzuri husubiri dakika chache stima ikirudi ndipo iruhusu.

WambuiAlihamia

Swali la mtu asiyejua: kwani AC inakula stima kiasi hicho? Mimi nina ile shawa ya kuchemsha maji papo hapo na sijawahi kuambiwa haya yote.

StimaSafi

Shawa yako inakula takriban kilowati 5. AC ya BTU 12,000 ikijitahidi kabisa inakula 1 na kidogo. Tofauti ni kwamba wewe unaoga dakika kumi, AC inaenda kwa muda wa saa nane. Na kwa kweli shawa yako nayo ilihitaji laini yake yenyewe. Kama haina, mimi nisingeoga.

MzeeWaPaa

Wanangu, mnapoza jiko bila kuondoa moto.

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kusini yake kidogo tu. Mwezi wa tatu na mwezi wa tisa jua la saa sita linapita wima juu ya utosi. Ukuta unapata jua la asubuhi na la jioni tu, paa linapigwa kutwa. Mabati yenye kutu hunywa joto kuliko yanayong'aa, na saa nane mchana huwezi kuyashika. Lile joto linashuka kwenye dari, dari inakuwa hita juu ya kichwa cha mama.

Panda darini kwanza. Nina hakika utapata popo.

KifunguaMimba_Ksm

Mzee umejuaje?

Kijana alipanda na tochi, akashuka mbio kuliko alivyopanda. Wako wengi. Na kinyesi chao kimetanda juu ya mbao za dari unene wa vidole viwili. Ile harufu ambayo miaka yote tulimsingizia paka wa jirani imepata mwenyewe.

MzeeWaPaa

Nimejenga na kukarabati hizo nyumba za Milimani na za mitaa ya reli tangu nikiwa kijana, ndiyo maana najua. Popo wasiuawe. Wanakula mbu, na mbu tunao wa kutosha. Ngojea watoke saa moja jioni kutafuta chakula, uzibe tundu lao kwa wavu baada ya kuhakikisha hawajaacha watoto ndani. Kinyesi kiloweshwe maji kabla ya kuzolewa, na anayezoa afunge barakoa, lile vumbi ni baya kwa mapafu. Kisha tandika juu ya dari ile karatasi inayong'aa ya kuzuia joto, au godoro la pamba ya kioo, na mabati yapakwe rangi nyeupe ya paa.

Ila kabla ya hapo angalia kama dari au sehemu yoyote ya paa ni shiti za asbesto. Zilipendwa sana zamani. Zilipigwa marufuku nchini tangu 2006. Ukizikuta usizitoboe, usizikate, na usikubali kijana wa mkono apande nazo. Kuna watu wenye kibali cha kuziondoa.

KifunguaMimba_Ksm

Nashukuru, zetu ni mbao tupu. Choo cha nje ndicho kina shiti za kijivu ambazo sasa naziangalia kwa jicho jingine. Hakuna atakayezigusa.

AchiengMuuguzi

Mimi nachangia kama muuguzi. Mkifunga matundu ya hewa kwa ajili ya AC, kumbukeni AC ya ukutani haileti hewa mpya, inazungusha ileile ya ndani. Kwa mtu mmoja na mlango unaofunguliwa si tatizo. Lakini jiko la makaa lisiingie chumba hicho hata dakika moja, hata la kuchomea ubani. Wazee wetu wana hiyo tabia.

Pili, neti ibaki. Watu wakipata AC hutoa neti wakisema mbu hawapendi baridi. Eneo letu la ziwa ndilo linaloongoza kwa malaria Kenya, tusijidanganye. Tatu, ule mpulizo usimwelekee kitandani moja kwa moja. Na msiweke nyuzi 16. Kwa mtu wa miaka 76, weka 25 au 26.

TaniMojaNusu

25 ni joto la kulelea vifaranga. Afadhali anunue zile feni za maji, elfu kumi na kitu tu.

FundiBaridi

Feni ya maji inafaa Lodwar, kule hewa ni kavu. Inapoza kwa kukausha maji, na hewa iliyokwisha kujaa maji haikaushi kitu. Kisumu unapata feni ya kawaida pamoja na ukungu. Kuhusu 25: ukuta wa mawe wa inchi tisa umejaa joto la kutwa, ukiweka 16 mashine inapigana na ukuta mpaka asubuhi bila kufika. Ianze saa kumi na mbili jioni ukuta usije ukazidi, ikifika saa sita usiku nje kumepoa, mama anaweza kuzima na kufungua dirisha.

NyangwesoDunga

Hakuna aliyetaja wadudu wa ziwani? Mimi niko Dunga. Wale wadudu wakiruka wanainuka ziwani kama moshi, wakifika nyumbani wanafuata taa. Nilifungua kifuniko cha mashine ya nje, ile sehemu ya AC inayokaa nje ya nyumba, baada ya miezi mitano, nikakuta zile pezi za alumini zimezibwa na zulia la wadudu wakavu, kijivu. Mashine ilikuwa ikinguruma bila kupoza, nami nimeshalipa fundi mara mbili aniongezee gesi ambayo haikupungua! Tulipopiga maji kwa mpira wa bustani, taratibu, baridi ilirudi saa hiyohiyo.

Ndugu wa Mombasa chumvi inakula mashine zao. Ziwa letu ni maji baridi, tumeepuka hiyo, lakini wadudu hawasamehe. Mashine ya nje isikae karibu na taa ya usalama. Na iinue kutoka chini. Waliokuwa huku 2020 ziwa lilipofurika wanajua kwa nini nasema hivyo.

FundiBaridi

Kweli tupu. Na dada, siku ya kufunga, usiende sokoni. Kaa hapo uone mambo mawili. Kwanza, tundu la ukutani liinamie nje, maji yatoke yenyewe. Pili, pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba. Mafundi wengi wanafungua valvu, gesi inafukuza hewa kwa sekunde mbili, "tsss", wanafunga nati na kudai hela. Unyevu unabaki kwenye mabomba, na baada ya mwaka kompresa inakufa, mwenyewe unalaumu aliyekuuzia. Pampu iendeshwe nusu saa, geji isomwe, isubiriwe kama sindano itapanda. Asipokuja na pampu, arudi nayo kesho.

KifunguaMimba_Ksm

Wadau, nimerudi. Ni wiki ya tano sasa.

Niliwasikiliza kwa mpangilio ambao ndugu yangu hakuupenda. Alipiga simu: "Nimetuma hela za AC, unaninunulia popo?" Hela ilienda hivi: boksi mpya, erthi, RCD na laini ya AC, 31,000. Kusafisha dari, wavu, karatasi ya kuzuia joto juu ya chumba cha mama na korido tu, 22,500. Mashine ya BTU 12,000 ya inveta pamoja na kinga ya volteji, 71,000. Kufunga, 12,000. Kijumba cha vyuma cha kuilinda mashine ya nje, 6,500. Mnaona ilipita, mimi nilifidia. Rangi ya paa itangoja mavuno.

Ukuta ulitusumbua. Fundi alitaka kuning'iniza mashine ya nje kwa braketi, lakini drili ilipopita plasta ikatoka nayo chokaa laini kama unga wa muhogo. Skrubu inazunguka tu. Tukaacha, tukajenga jukwaa la zege la futi moja na nusu chini, ndiyo sababu ya kile kijumba cha vyuma. Mabomba ya shaba yaliyo karibu na ardhi ni sadaka kwa wezi.

Pampu ya vakyumu ilikuja. Nilikaa kwenye kigoda nikiitazama geji nusu saa nzima. Fundi akaniuliza kama nimetumwa na kanisa.

Sasa sikilizeni hili. Kati ya siku karatasi ilipotandikwa darini na siku AC ilipofika zilipita siku tisa. Siku hizo tisa mama aliamka usiku mara mbili tu. Nilikuwa nimeweka kipimajoto cha elfu moja mezani kwake: kabla ya karatasi, saa nne usiku 30 au 31. Baada yake, 28. Nusura nimpigie ndugu yangu tuirudishe mashine, lakini ile wiki ya mwisho wa mwezi wa pili jua likazidi na 28 ikarudi kuwa 30.

Stima: nasoma mita kila asubuhi. Mama anawasha saa moja jioni kwenye 26, anazima saa tano anafungua dirisha, neti iko. Yuniti mbili na kidogo kwa usiku. Tokeni ya elfu moja hutupa yuniti kama 35, kwa hiyo ni shilingi 60 na kitu kila usiku. Hofu yake ilikuwa elfu kumi kwa mwezi, alikuwa ameshaanza kuficha rimoti.

Matundu ya hewa tuliyaziba kwa vioo vya kufungua na kufunga, fundi wa alumini alivipima kimoja kimoja kwa sababu hakuna viwili vilivyolingana.

MzeeWaPaa

Siku tisa. Mimi sisemi kitu.

TaniMojaNusu

Swali dogo, si langu, ni la rafiki. Madoa meusi kwenye kona hutolewa na nini?

FundiBaridi

Mwambie rafiki aanze kwa kufuta kwa jiki iliyopunguzwa makali na maji, madirisha yakiwa wazi. Halafu auze hiyo 18,000 kwa mwenye sebule kubwa.

KifunguaMimba_Ksm

La mwisho kutoka kwa mama. Bomba la maji linatokea nje kwenye bustani yake, naye ameweka ule mtungi wa manjano wa lita kumi. Karibu nusu inajaa kila usiku. Anasema ni maji ya bure kutoka hewani na hawezi kuyamwaga, ameanza kumwagilia sukuma. Anauliza kama yanafaa kwa pasi na kunywa.

FundiBaridi

Sukuma sawa. Pasi sawa akiyachuja kwa kitambaa. Kunywa hapana, yamepita juu ya vumbi na uchafu wa mashine. Ncha ya bomba iko juu ya maji au imezama ndani ya mtungi? Ikizama, hewa inakwama na maji yanarudi kumwagikia ukuta wa chumbani.

KifunguaMimba_Ksm

Imezama. Aliisukuma mpaka chini isidondoshe. Naenda kuitoa sasa hivi.